Rehema ya Mwenye Nchi

Kutoka Vuga hadi vilima vya Kwamkoro, Wasambaa walimpima mtawala kwa swali moja: anaiponya nchi au anaiharibu? Kwa lugha yao, kuzifya shi au kubana shi. Swali hilo linaifaa Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania, inayompa Rais uwezo wa kusamehe. Mpaka ulio wazi ni huu: msamaha humfikia aliyekwisha kutiwa hatiani tu. Hivyo, tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli aliwaachia Nguza Viking na Papii Kocha, waliofungwa maisha kwa kubaka watoto, ingawa rufaa yao ilikwisha kugonga mwamba.

Nikitaka uwezo huo uwekewe utaratibu, atasema mtu: huruma ikifungwa kamba si huruma tena. Kweli, anayesamehe deni lake haulizwi. Lakini deni la mhalifu si la Rais peke yake. Fikihi ya Kiislamu ililiona mapema: katika kisasi, wenye kusamehe ni warithi wa aliyeuawa, si sultani. Nchini Kenya, Ibara ya 133 ya Katiba inamtaka Rais afuate ushauri wa kamati. Kwetu, Ibara ya 45(2) inaliruhusu Bunge kuweka utaratibu. Kumsikiliza kwanza aliyeumizwa hakuui rehema. Kunaizuia isimtoneshe kidonda.