Nani Asiyejiweza?

Katika miji yetu ya pwani tumezoea kuwaita watu wenye ulemavu kwa neno moja: twasema ni "wasiojiweza". Neno hili twalitamka kwa huruma, wala hatukusudii tusi. Lakini huruma haizuii neno kuwa na kosa ndani yake, na kosa la neno likidumu huwa kosa la vitendo. Basi nawaomba ndugu zangu wasomaji tulipime neno hili kwa mizani ya akili na ya dini, tujue ni nani hasa asiyejiweza, na ni kitu gani kilichomfanya asijiweze.

Tuchukue mfano mmoja. Mtu hutembea kwa kiti cha magurudumu. Kutoka nyumbani kwake hata msikitini amekiendesha kiti kwa mikono yake mwenyewe, hakumsumbua mtu. Afikapo mlangoni akuta vidato vitatu na kizingiti, na hapo ndipo mwisho wa safari yake. Sasa tuulize: miguu yake ilikuwa vivyo hivyo tangu alipotoka nyumbani, ni kitu gani kilichobadilika? Ni vidato. Kabla ya vidato alikuwa ajiweza. Mbele ya vidato amekuwa hajiwezi. Udhaifu wa miguu ni kadari ya Mwenyezi Mungu, lakini kule kuzuilika mlangoni kumetoka kwa fundi, na kwa kamati iliyomwamrisha fundi. Tukivichanganya vitu hivi viwili, tutakuwa tumemsingizia Mungu kazi ya mikono yetu.

Na siku ya Ijumaa mtu huyo huyo hukaa nje, na watu wakitoka hutia sarafu mkononi mwake. Sadaka ni jambo tukufu, wala hapana Muislamu wa kulikataza. Lakini sadaka ni mali ya mtoaji: akipenda hutoa, asipopenda hashurutishwi. Ama haki ni mali ya mwenyewe, na aliyeizuia ana deni shingoni. Msikiti si milki ya wenye miguu mizima. Ni wakfu wa Waislamu wote. Anayempa shilingi mtu aliyefungiwa nje ya msikiti, ampa kisichokuwa wajibu na kumnyima kilicho wajibu. Hata zikiwa shilingi elfu, haziwi badala ya mlango.

Tutazame mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Kila aliyesoma chuoni aijua Sura ya 80, Abasa, na sababu ya kuteremka kwake: kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume alipokuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Alikuja kutaka elimu, wala hakuja kuomba chakula. Na kwa ajili ya haki yake hiyo wahyi uliteremka. Baadaye Mtume alimfanya mwadhini pamoja na Bilal, akamwachia Madina zaidi ya mara moja aliposafiri. Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Adhana ya alfajiri yategemea kuonekana kwa alfajiri, na huyu haoni. Ilikuwaje basi? Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Macho yalikuwa ya wengine na sauti ilikuwa yake, kazi ikatimia. Hakuambiwa, "Wewe kaa, tutakupa sadaka." Kilichopungua kwake kilitengenezewa njia, na cheo akapewa. Baada ya zama hizo akaja Ata bin Abi Rabah, aliyekuwa kiwete na mwishowe akapofuka. Naye ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, watu wakisafiri kumwendea kutafuta fatwa.

Huenda mtu akasema: "Sheria imewapa hawa rukhsa, si lazima kwao kuja jamaa. Kwa nini tujitaabishe?" Jawabu ni kwamba rukhsa ni ya mwenye udhuru, wala si ya mwenye mlango. Yeye amesamehewa asipokuja. Sisi hatukuruhusiwa kumzuia ajapo. Mgonjwa ana rukhsa ya kula mchana wa Ramadhani, lakini hapana mwenye haki ya kumnyima kufunga akiweza.

Mwingine atasema kuwa magurudumu yataingiza najisi. Kila kitu asili yake ni tohara mpaka ijulikane najisi, na mafakihi wamesamehe tope la njiani ambalo ni tabu kujiepusha nalo. Kitambaa chenye maji mlangoni chatosha kupangusia magurudumu. Na ukitaka usafi zaidi, wekeni kiti kimoja cha humo humo ndani. Mbona miguu yetu twaiosha tukaingia?

Wa tatu atasema: "Hapana fedha." Huyu twamwomba atazame juu na chini: mataa ya kuning'inia, marumaru na mazulia mapya yalipatiwa fedha. Njia ya mwinamo yataka saruji na hesabu ndogo tu. Kipimo kinachotumiwa na mafundi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 15 kila kimoja ni sentimita 45. Basi mwinamo uwe wa mita 5 na sentimita 40. Mfupi kuliko huo humwangusha mtu, ukawa madhara badala ya manufaa. Ni kweli kwamba katika vichochoro vya Mji wa Kale nafasi hiyo mara nyingi haipatikani. Basi utafutwe mlango wa ubavuni, au ubao imara wa kuweka na kuondoa. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na mfereji mmoja wa udhu uwe wa kufikiwa na aliyeketi, penye mahali pa kushika.

Na majengo si yote. Elimu nayo ina vizingiti vyake. Vyuo vyetu tangu zamani vimempokea mtoto kipofu na kumhifadhisha Qur'ani kwa masikio, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini kuhifadhi si mwisho wa elimu. Naye ataka asome tafsiri na fiqhi peke yake, bila kungoja hisani ya msomaji. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alitangaza mwaka 1829 maandishi ya nukta nundu, ambayo herufi zake zote hutoka katika nukta 6 za kupapaswa kwa kidole. Kiarabu pia huandikwa hivyo, na misahafu ya nukta nundu imekwisha kupigwa chapa. Hapa Kenya, Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu. Wenzetu waliamka mapema. Hapana aibu kujifunza kwao, aibu ni kuendelea kulala. Ni vyuo vingapi vyetu vilivyo na juzuu moja ya nukta nundu, au mwalimu mmoja aijuaye?

Kiziwi naye huketi katika hutuba akitazama midomo asiyoisikia. Mafakihi walikwisha kukubali kuwa ishara ya bubu yenye kufahamika ni kama usemi wake katika kuuza, kununua na kuoa. Ikiwa ishara yafunga ndoa, yashindwaje kufikisha mawaidha? Apatikane mtu ajuaye Lugha ya Ishara ya Kenya, asimame mbele penye mwangaza, wala si nyuma ya nguzo.

Hata simu zilizo mikononi mwetu zina vidato. Kipofu leo ana programu imsomeayo maandishi ya simu kwa sauti. Lakini sisi tangazo la darasa au la mazishi twalipiga picha ya karatasi tukaieneza, na mara nyingi programu ile hupita juu ya picha isipate neno. Aliyeandika maneno yale yale kwa herufi za simu amefungua mlango, wala hakutoa hata senti.

Serikali nayo imesema. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inayofaa, na kutumia lugha ya ishara na nukta nundu. Lakini je, yafaa Muislamu akumbushwe na wakili jambo ambalo alifundishwa chuoni katika Sura ya Abasa?

Wala tusidhani kuwa haya ni ya watu wachache wa mbali. Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Mzee anayeshika ukuta leo kupanda vidato vya msikiti alivipanda mbio ujanani. Na kijana anayevipanda mbio leo hajui ya kesho. Twajenga milango yetu wenyewe.

Basi kila kamati ya msikiti na kila mwalimu wa chuo achukue kipimo cha fundi, apime mlango wake. Kisha amwite mmoja katika hawa tuwaitao wasiojiweza, amwulize ni wapi anapozuilika. Yeye ajua kuliko sisi. Na kazi ikikwisha, mtu yule akaingia mwenyewe, akatawadha mwenyewe, akasoma mwenyewe, hapo neno lile litakuwa limekosa mtu wa kuitwa kwalo.

Wabillahi tawfiq.