Anayevuka mupaka usiku: tumufiche ao tumupeleke?



Kuna shauri lililotutesa katika kikao cha wazee tangu mwaka jana. Tumelinyamaza kwa sababu lilitupatisha haya. Leo tunaliandika.

Kijana mumoja wa kanisa, motari, aligonga mutoto karibu na soko. Mutoto akafa pale pale. Kijana aliacha pikipiki chini, akakimbilia ndani ya migomba. Wote waliokuwa sokoni siku ile wanajua sababu gani alikimbia: huku kwetu, watu wakikusanyika juu ya motari aliyeua, hawangoji polisi. Usiku akabisha kwa mumoja wetu. Tulimuficha siku mbili. Kisha tukamupatia pesa ya njia, akaenda upande wa Walikale, kwenye machimbo. Wale waliokuja kumutafuta hawakumuona, wakakamata mukubwa wake, wakamutia ndani ya kasho.

Ulizo ni hili: je, tulitenda vema? Wakati ule, wengi kati yetu walijibu ndiyo bila kufikiri mara mbili.

Tuanze na sheria ya inchi. Kitabu cha azabu cha Congo kinaazibu mutu anayemuficha mwingine huku akijua kwamba anatafutwa kwa kosa. Lakini sheria ile ile inawaacha wamoja: wazazi na watoto wa anayetafutwa, bibi ao bwana wake, kaka na dada zake. Aliyeiandika alijua kwamba hauwezi kumulazimisha mama amutoe mutoto wake. Ni neno la akili. Lakini sisi, je? Kila siku ya Yenga tunaitana ndugu na dada. Mbele ya hakimu undugu huu hauhesabiwi. Mumoja wa wazee alisema, «Basi hakimu hajui kanisa ni nini.» Tulicheka. Kisha mwingine akauliza, «Na mutoto aliyekufa, yeye si wa jamaa yetu?» Hapo kicheko kikaisha.

Kuvuka mupaka kunaongeza neno lingine. Kila OPJ ana eneo lake la kazi, na kila mutu anayekimbia anajua hilo kuliko wanasheria. Si kwetu tu. Huko Marekani kila jimbo lina polisi na mahakama yake, na katika miaka ya 1930 wezi wa banki waliiba katika jimbo moja na kulala katika jimbo lingine. Mwaka 1934 bunge lao lilitoa sheria: kuvuka mupaka wa jimbo kwa kusudi la kukimbia mashitaka ya kosa kubwa ni kosa lenyewe. Hata anayevuka ili asitoe ushuhuda, naye anaguswa. Ni mara chache mutu anahukumiwa kwa sheria hiyo peke yake. Inatumika zaidi kwa kumukamata na kumurudisha kwenye jimbo alikotoka. Na inchi zetu za Maziwa Makuu, huko Nairobi mwaka 2006, zilitia sahihi mapatano ya kusaidiana katika mambo ya mahakama na kurudishiana watu wanaotafutwa.

Lakini musisifu sheria ya namna hii haraka. Inchi ile ile ya Marekani, mwaka 1850, ilikuwa na sheria nyingine ya kurudisha wanaokimbia. Wale waliorudishwa walikuwa watumwa weusi, baba na mama waliotoroka majimbo ya kusini. Aliyewaficha aliweza kulipa dola 1000 na kufungwa miezi sita. Wakristo wengi waliwaficha, nao walikuwa na Torati upande wao, kwa maana Musa alikataza kumurudisha mutumwa kwa bwana aliyemukimbia (Kumbukumbu la Torati 23). Basi kusema tu «sheria inasema arudishwe» hakutoshi. Inafaa kuuliza: anarudishwa kwa nani, na kwa kufanyiwa nini?

Hapa ndipo miji ya makimbilio inatusaidia. Somo hili tumelihubiri mara nyingi, na sasa tunaona tulilihubiri nusu. Mungu aliamuru miji sita, mitatu ngambo hii ya Yordani na mitatu ngambo ile, na barabara za kufika kule zitengenezwe, ili aliyeua bila kukusudia asipatikane njiani na mwenye kulipiza kisasi cha damu. Hata mugeni alikuwa na ruhusa ya kukimbilia humo. Nusu hiyo tunaipenda. Nusu ya pili iko katika Yoshua 20: anayekimbia anasimama kwanza kwenye mulango wa muji na kueleza shauri lake masikioni mwa wazee. Kisha anasimama mbele ya makutano kwa kuhukumiwa. Kama aliua kwa kusudi, anatolewa. Kama hakukusudia, bado hawezi kurudi kwake hata kuhani mukubwa afe. Kwa hiyo muji ule ulikuwa mahali pa kungojea hukumu bila kuuawa kwanza na watu wenye hasira. Hakuna aliyeingia humo apate kusahauliwa.

Sisi tulimupatia kijana wetu muji bila mulango. Hatukumuuliza neno. Hatukuita mashahidi. Hatukutuma mutu kwa wazazi wa mutoto. Tulimupatia ugali na pesa ya njia.

Wengine watajibu kwamba manabii nao walikimbia. Ni kweli. Simon Kimbangu, wakati serikali ya Wabelgiji ilipokuja kumukamata huko Nkamba tarehe 6 Juni 1921, alitoroka mikononi mwao. Miezi mitatu hawakumupata. Wale wanaopenda kuhubiri juu ya kutoroka kule wangepaswa kuendelea hata mwezi wa Septemba, kwa maana alirudi Nkamba mwenyewe, akakamatwa pale. Baraza la kijeshi huko Thysville lilimuhukumu kufa, tarehe 3 Oktoba. Mufalme Albert akageuza azabu ile kuwa kifungo cha maisha, na nabii alikufa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30. Hukumu ile ilikuwa mbaya, nasi hatuwezi kuiita haki. Lakini angalieni: hakuwaacha wengine wabebe kifungo mahali pake.

Hilo ndilo lilitupiga moyoni zaidi, kwa sababu mukubwa wa kijana wetu alikuwa amelala kwenye sakafu ya kasho. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inakataza neno hili wazi: hakuna anayeweza kukamatwa kwa tendo la mwingine. Waliomukamata walivunja sheria kubwa ya inchi, na tunalisema bila woga. Lakini sisi pia tulijua kwamba watafanya vile, maana kila mara wanafanya vile. Tulipotoa ile pesa ya njia, tulikuwa tumemulipisha mukubwa wake bila kumuuliza.

Sasa mutatuuliza: polisi gani, na mahakama gani? Ni ulizo la haki. Tangu vita vya M23 vilipofika Kitshanga mwanzo wa 2023, kazi ya sheria huku kwetu imevurugika. Mwezi wa Januari 2025, Goma ilipoanguka, gereza la Muzenze lilibaki wazi na wafungwa kwa maelfu wakatoka, wenye kosa na wasio na kosa pamoja. Nani atasema kwamba mutu akijitoa leo, kesho atasikilizwa vizuri? Hatuwezi kuahidi hilo.

Paulo naye hakuwa na ahadi hiyo. Alipokuwa Kaisaria, watu walitaka arudishwe Yerusalema ili wamuvizie njiani. Alikataa eneo lile, akaomba baraza la Kaisari (Matendo 25). Alihama toka hakimu mumoja kwenda kwa mwingine. Hakuhama toka hakimu kwenda musituni. Tofauti hiyo, wapendwa, ndiyo kipimo tulichokosa usiku ule. Mutu anaweza kuvuka mupaka kwa kutafuta masikio ya kumusikiliza, na mutu anaweza kuvuka ili asisikilizwe kamwe. Miguu ni ile ile, barabara ni ile ile.

Hata watu wa silaha wamefundisha neno hili bila kukusudia. Bosco Ntaganda tulimujua huku Masisi. Mahakama ya La Haye ilitoa waraka wa kumukamata tangu 2006, juu ya matendo ya Ituri ya 2002 na 2003, naye alipita barabarani miaka mingi na hakuna aliyemugusa. Machi 2013, wakati wenzake walipomugeukia, alivuka mupaka na tarehe 18 akaingia mwenyewe katika ubalozi wa Marekani huko Kigali, akaomba apelekwe La Haye. Mwaka 2019 alipewa miaka 30. Hatusemi kwamba alitubu, Mungu anajua. Tunasema tu kwamba mutu mwenye bunduki nyingi aliona mahali pa usalama panapobaki ni mbele ya hakimu. Na huko Walikale, Ntabo Ntaberi Sheka alitafutwa tangu Januari 2011 juu ya ubakaji wa watu wasiopungua 387, kadiri ya hesabu ya Umoja wa Mataifa, katika vijiji vya njia ya Kibua na Mpofi mwaka 2010. Alijitoa kwa MONUSCO Julai 2017, akahukumiwa maisha huko Goma Novemba 2020. Wanawake wale walingoja miaka 10. Kila aliyemulaza na kumulisha katika miaka ile aliongeza siku zao.

Musichanganye neno hili na wakimbizi wa vita. Familia iliyokimbia risasi haidaiwi maelezo. Inapokelewa, inapewa mukeka. Hata mapatano ya Umoja wa Inchi Huru za Afrika ya mwaka 1969, yaliyofungua sana mulango kwa wakimbizi, hayamuhesabu kuwa mukimbizi mutu aliyefanya kosa zito kabla ya kuvuka.

Mama wa mutoto yule ni wa kanisa letu. Anakaa upande wa kina mama, kwenye benchi ya tatu. Alipojua, alikuja kwenye kikao na hakulia. Aliuliza tu kama siku ile ya Yenga tulipomuwekea mikono na kumuombea faraja, tulikuwa tunajua kijana yuko wapi. Tulikuwa tunajua. Hakuna muzee aliyeweza kufungua kinywa.

Kijana amerudi toka Walikale. Wazee wawili walimungoja njiani, wakaenda naye muchana, pamoja na barua, na kiongozi wa kijiji akiwa shahidi. Mukubwa wake alitoka siku ile. Shauri lenyewe halijaisha, na ndugu wawili wamechaguliwa kumupelekea chakula na kuangalia asipigwe.

Kikao kimeamua hivi. Anayebisha usiku akikimbia watu wenye hasira atafunguliwa. Asubuhi atasimama mbele ya wazee watatu, ataeleza yote, jina lake litaandikwa, na mujumbe atakwenda kwa jamaa ya aliyeumizwa siku ile ile. Akikataa, ataonyeshwa mulango. Atakayekubali tutamusindikiza, hata kama inafaa kutafuta mahakama ya mbali. Na ile pesa ya njia iliyotoka katika sadaka, sisi wazee tunairudisha toka mifukoni mwetu. Nusu imekwisha kupatikana.