Huruma na Uhuru wa Kijana

Msomaji, je, huruma yaweza kuwa dhuluma?

Mjini Garissa namjua mama mmoja mwenye mwana wa miaka 16. Kijana huyu ana usonji. Tena hatulii, na mawazo yake huruka hata jambo la pili kabla la kwanza halijakwisha. Usonji si wazimu wala laana. Ni namna ubongo ulivyoumbika, na tabibu Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943. Kwa miaka mingi mama huyu alimvika mwanawe, alimlisha, na kumjibia kila salamu. Majirani walimsifu kwa mapenzi yake. Nami nilimsifu.

Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, nikifa mimi, nani atamjibia?" Chuo cha ualimu kilinifunza mengi, jibu la swali hilo sikutoka nalo.

Akaanza na maziwa ya ngamia, ambayo wanawake huyauza sokoni. Alimchorea mwanawe picha nne: chupa, njia, muuzaji, chenji. Walikwenda pamoja siku nyingi. Kisha mama akafuata nyuma hatua kumi, kisha hamsini, kisha akabaki mlangoni. Siku hiyo kijana alirudi hana maziwa wala fedha. Alisimama kutazama mbuzi wakishushwa garini, akasahau alilotumwa. Majirani wakamlaumu mama: amtumaje mtoto kama huyu, na barabara ina magari, na Mto Tana una mamba?

Lawama ile haikuwa ya upuuzi. Mamba wapo. Lakini mimi nilipoteza fedha za sukari nikiwa na miaka 9, na jioni ile ile nikatumwa tena. Kwa nini haki ya kukosea tujiwekee sisi peke yetu? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Kwa maoni yangu, kutumwa sokoni ni sehemu ya heshima hiyo.

Kesho yake mama alimtuma tena. Sasa kijana huleta maziwa kila asubuhi, ingawa hesabu ya chenji bado humshinda, na muuzaji humfungia fedha katika kitambaa. Mtoni hajaruhusiwa kwenda peke yake. Mama asema bado. Kijana asema sasa. Wanabishana mpaka leo, na katika mabishano hayo kijana hujijibia mwenyewe.