Alifunga Majeraha Kwanza

Somo: Luka 10:25-37

Huyu Msamaria tunamhubiri sana, lakini tunakimbilia punda na ile pesa ya nyumba ya wageni. Soma mstari wa 34 polepole. Kabla hajampandisha yule mtu juu ya punda, alifanya nini? Alifunga majeraha. Pale pale barabarani, na pengine wanyang'anyi bado wako karibu.

Hivyo ndivyo wanavyofanya hata leo kule kasualti ya Kenyatta. Nimeingia pale mara nyingi kuombea majeruhi. Mtu wa nduthi akiletwa, hawaanzi na mguu uliovunjika, hata kama ndio unatisha macho. Wanazuia damu inayobubujika, wanaangalia kama njia ya hewa iko wazi, wanashika shingo isigeuke. Mfupa utangoja. Damu haingoji! Mtu mzima ana kama lita 5 tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kuisha kwa dakika chache, ambulensi bado iko kwa jam.

Sasa sisi tunafanya aje? Ajali ikitokea hapa Outering, tunambeba mtu kama gunia, tunamtupa nyuma ya probox, shingo inaning'inia. Wengine wanapiga video. (Mlawi wa siku hizi ana simu.) Sikiza: kunja leso, weka juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu zako zote, na usiinue kuchungulia. Kunena kwa lugha utanena ukiwa umekandamiza, nani amekukataza?

Na usiogope kuambiwa ulete pesa kwanza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata Msamaria alitoa dinari zake kesho yake, mgonjwa akiwa ameshahudumiwa.

Halafu kuna damu ya kuongezewa. Hiyo haina kiwanda, inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Na sisi tunaoimba juu ya damu kila Jumapili, tukiona sindano tunatoroka! Damu kwenye friji inakaa wiki tano au sita hivi. Ile uliyotoa Pasaka, Agosti haiko. Kama una afya, una miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 kwenda juu, unaweza kutoa. Wanaume kila miezi 3, akina mama kila miezi 4.

Kanisa hili lina vijana wa nduthi. Wawili nimeshawazika, na mama zao wanaketi hapa mbele yangu. Sitaki wa tatu.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, watu wa kuchukua damu watakuwa kwenye darasa la watoto. Mimi nitakuwa wa kwanza kwa laini, wazee wa kanisa nyuma yangu, nimeshawaambia. Mje mmekunywa maji na kula chai nzito. Walio kwenye mfungo, mfungue Jumamosi jioni.