Kambi Isiondoke

Ndugu zangu wapenzi wa mpira, nawaita leo kwa habari ya beki aliyeukumbatia mpira akakataa kuuachia.

Ilikuwa Novemba 27, 2005, mjini Messina, kisiwani Sicily. Marc Zoro, kijana wa Ivory Coast, alikuwa akiichezea Messina nyumbani dhidi ya Inter Milan, na kila alipougusa mpira jukwaa la wageni lilimlilia mlio wa nyani. Kipindi cha pili akachoka. Akauokota mpira kwa mikono, akaubana kwapani, akaanza kutembea kumfuata mwamuzi wa akiba. Hakutukana mtu, hakumpiga mtu. Alitaka kuurudisha mpira kwa wenyewe, kama mtu anavyorudisha mzigo wa watu uliomshinda.

Wakamkimbilia. Na tazameni ni akina nani: Adriano, Mbrazili mweusi, na Obafemi Martins wa Nigeria, wote wawili wachezaji wa Inter, wote wawili wakiijua sauti ile. Wakamshika bega, wakamsihi, wakambembeleza. Zoro akauweka mpira chini, mechi ikaendelea. Wiki iliyofuata mechi za ligi ya Italia zikachelewa kuanza kwa dakika tano, kupinga ubaguzi. Dakika tano zikaisha, wakacheza.

Siwalaumu Adriano na Martins. Ningekuwepo ningefanya vilevile, maana ndivyo tulivyolelewa: mwenye kidonda ndiye anayeambiwa avumilie. Mvumilivu hula mbivu, si ndivyo tusemavyo? Haya. John Barnes wa Liverpool alivumilia pale Goodison Park mwaka 1988, na mbivu aliyoletewa ilikuwa ndizi, imerushwa kutoka jukwaani. Akaisukuma nje kwa kisigino, mpiga picha akaiwahi, na dunia mpaka leo inaisifu picha ile. Inamwonyesha Barnes. Aliyerusha hayumo.

Fungueni Hesabu, sura ya 12.

Miriamu na Haruni walimnena Musa kwa sababu ya mke wake, mwanamke Mkushi, mtu wa nchi za Sudani ya leo. Wafasiri wanabishana kama kiini cha maneno yale kilikuwa rangi, au ugeni, au wivu wa cheo cha Musa, au mambo ya wifi na mke wa kaka tu. Mabishano hayo nayajua, na mawifi nawajua pia. Lakini adhabu ilichagua lugha yake yenyewe. Miriamu alitokwa na ukoma, ngozi ikamgeuka nyeupe kupita kiasi. Aliyemtazama mwenzake kwa jicho la kumpunguza, akageuka yeye wa kutazamwa.

Tukihubiri sura hii huwa tunaishia kwenye ukoma, kwa sababu ukoma unatisha na waumini wanatikisa vichwa. Mimi leo nataka twende mbele kidogo, kwenye habari tunayoirukaga. Miriamu aliwekwa nje ya kambi siku saba, na siku zote saba watu hawakusafiri. Hebu upimeni umati ule. Kitabu hichohicho, sura ya kwanza, kinahesabu wanaume wa kwenda vitani 603,550, bado wanawake, bado watoto, bado mifugo. Taifa zima lenye safari, lenye nchi ya ahadi mbele yake, likaketi mchangani pale Haserothi wiki nzima kwa ajili ya kinywa cha mtu mmoja! Hatusomi kwamba alitokea mzee wa kabila akasema tusonge, hili tutaliangalia baadaye. Hatusomi kwamba yule mwanamke Mkushi alishikwa bega akaambiwa avumilie.

Nanyi Waislamu mnaosoma jarida hili mnakijua kisa cha Abu Dharr, aliyemtukana mwenzake kwa weusi wa mama yake. Mtume hakumwambia aliyetukanwa asamehe yaishe. Alimgeukia Abu Dharr, mtu mwema, sahaba wake, akamwonyesha kwamba ujahili bado umo ndani yake.

Sasa njooni kwenye kambi ya mpira, muone kama inajua kuketi.

Mwaka 2012, kwenye mashindano ya Ulaya, mashabiki wa Croatia walimtukana Mario Balotelli wa Italia kwa rangi yake, wakawasha na fataki juu. Chama chao kikatozwa euro 80,000. Kwenye mashindano hayohayo Nicklas Bendtner wa Denmark alishangilia goli kwa kuonyesha chupi yenye tangazo la kampuni ya kubeti ambayo haikuwa imelipia udhamini. Akatozwa euro 100,000. Someni tena, ndugu zangu, taratibu. Chupi ilipita bei ya utu wa Balotelli kwa euro 20,000.

Mwaka mmoja kabla, Sepp Blatter, aliyekuwa rais wa FIFA, alishauri kwamba maneno ya kibaguzi kati ya wachezaji yamalizwe kwa kupeana mikono mechi ikiisha. Alipopigiwa kelele akaomba radhi. Mwaka 2016 FIFA hiyohiyo ikakivunja kikosi kazi chake cha kupambana na ubaguzi, ikisema kimeshamaliza kazi yake. Kimemaliza! Desemba 26, 2018, uwanja wa San Siro ulimlilia Kalidou Koulibaly, beki wa Napoli, mlio wa nyani. Napoli, kwa maneno ya kocha wao Carlo Ancelotti, waliomba mara tatu mechi isimamishwe. Haikusimamishwa. Aliyetoka uwanjani ni Koulibaly: alipewa kadi ya njano, akampigia refa makofi ya kejeli, akaonyeshwa nyekundu.

Msiniambie hakuna utaratibu. Upo, una hatua tatu, UEFA wanao tangu mwaka 2009. Refa asimamishe mechi spika zitangaze. Wakiendelea, timu ziende vyumbani. Wakiendelea tena, mechi ivunjwe. Hatua ya kwanza imezoeleka kama kona. Ya tatu inaogopwa kama kifo, kwa sababu hapo ndipo kambi inapoketi, na kambi ikiketi tangazo la biashara haliendi hewani, tiketi zinadaiwa, televisheni inadai, mikeka inafutwa.

Mei 21, 2023, uwanja wa Mestalla, Valencia. Vinícius Júnior wa Real Madrid alisimama mbele ya jukwaa nyuma ya goli, akanyoosha kidole: huyu, na huyu. Mechi ikasimama dakika kadhaa, spika zikatangaza, mechi ikarudi. Mwishoni pakazuka vurugu, mpinzani akamkaba shingo, na kadi nyekundu akapewa Vinícius, baadaye ikafutwa. Valencia walifungiwa sehemu ya jukwaa mechi 5 na faini ya euro 45,000, wakakata rufaa, ikashuka mechi 3 na euro 27,000. Lakini Juni 2024 mahakama iliwatia hatiani mashabiki watatu: miezi 8 ya kifungo kila mmoja, ambacho kwa sheria ya kwao mtu asiye na kosa la nyuma kwa kawaida hakitumikii gerezani, na miaka miwili bila kukanyaga uwanjani. Hispania haikuwahi kumhukumu mtu kwa tusi la rangi uwanjani kabla ya hapo. Wale watatu waliomba radhi mahakamani. Nawaombea. Musa naye alimwombea Miriamu, na kambi iliketi pia kumsubiri arudi ndani.

Najua mnachotaka kunijibu. Mwalimu, mpira bila maneno si mpira. Ni utani tu.

Mnaniambia mimi habari za utani? Mimi niliyezaliwa nchi ambayo Mngoni anaingia kwenye msiba wa Mhehe, anaficha jeneza mpaka alipwe, na hakuna anayenuna? Wale walipigana vita, wakapimana nguvu, wakaona hakuna wa kummaliza mwenzake, ndipo wakawa watani. Utani ni wa waliokwisha kuheshimiana. Mtani ana zamu yake ya kujibu. Yanga wakiitwa vyura, nao wanawaita Simba mikia, na Jumatatu wote wanapanda daladala moja. Sasa nionyesheni zamu ya Zoro. Jukwaa likikulilia mlio wa nyani, unalijibu kwa mlio gani?

Luis Suárez naye alikuja na utetezi wa aina hiyo. Oktoba 2011 alimwita Patrice Evra kwa rangi yake pale Anfield, akajitetea kwamba kwao Uruguay neno hilo ni la kirafiki. Chama cha soka cha Uingereza kikamfungia mechi 8. Na kambi yake ilifanya nini? Ilivaa fulana zenye picha yake! Wachezaji wa Liverpool walipasha misuli wakiwa nazo kifuani, na ilichukua mpaka mwaka 2019 kwa Jamie Carragher kumwomba Evra radhi hadharani. Miaka minane. Miriamu alisubiriwa siku saba.

Nami nina changu, na sitakificha nyuma ya Wazungu.

Msimu uliopita, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, beki mmoja wa Kiafrika wa timu tusiyoipenda alijifunga. Mtu nyuma yangu akapaza sauti: "Nyani wewe!" Banda zima likacheka. Nikacheka. Mimi, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mweusi kuliko beki yule, nilicheka mpaka nikashika ubavu. Jumatatu jioni, nyuma ya nyumba yangu, watoto walikuwa wakicheza chandimu. Kipa wao akafungwa goli la kizembe, na mtoto mmoja akajishika makwapa, akamlilia. Ndugu zangu, watoto wa mtaa wetu wana matusi yao ya kutosha, hawahitaji kuagiza. Mlio ule ulikuwa wa jukwaani, wa kutoka ng'ambo. Ulikuja kwa setilaiti, ukapita bandani kwetu, ukagongewa muhuri na kicheko changu.

Walipokosa penalti Rashford, Sancho na Saka, vijana weusi wa Uingereza, kwenye fainali ya mashindano ya Ulaya ya Julai 11, 2021, polisi wa Uingereza walizichambua jumbe walizotumiwa, wakazikuta 207 zenye jinai. Jumbe 34 zilitoka kwenye akaunti za Uingereza. Jumbe 123 zilitoka nchi nyingine. Saka alikuwa na miaka 19. Sijui ni vidole vya nani, na simnyoshei mtu kidole. Nasema tu kwamba simu tunazo, na bando tunanunua.

Na ndani ya banda letu, mlangoni, huwa anakaa fundi baiskeli tunayemwita Giza. Jina tumempa sisi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama analitaka.

Kwa hiyo nasema, tena napaza sauti: kambi isiondoke! Desemba 8, 2020, mjini Paris, ilionekana kwamba inawezekana. Mwamuzi wa akiba alimtambulisha Pierre Webó, kocha msaidizi wa İstanbul Başakşehir, kwa rangi ya ngozi yake. Kwa Kiromania, lugha ya mwamuzi yule, neno lile lina maana ya mweusi tu, na wapo waliotaka liishie hapo. Lakini Demba Ba, akitokea benchi, alimkabili mwamuzi akamuuliza kwa nini mzungu anatajwa kama mtu, na mweusi anatajwa kama rangi. Wenzake wakatoka. Na hili ndilo ninaloliimba usiku na mchana: Paris Saint-Germain nao wakatoka. Hawakutukanwa wao. Mechi ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa na dakika chache tu, matangazo yanakwenda hewani dunia nzima, na kambi mbili zilizokuja kunyang'anyana ushindi zikaketi pamoja. Webó hakuachwa avumilie peke yake. Wakarudi kesho yake, na waamuzi wengine.

Wewe nahodha unayenisoma, wa ligi kuu au wa daraja la nne, usisubiri aliyetukanwa aubebe mpira peke yake. Ubebe wewe. Wewe refa, kipenga ni chako, na hatua ya tatu imeandikwa isomwe. Wewe kocha, siku mchezaji wako akianza kutembea kuelekea vyumbani, usimkimbilie kumrudisha. Tembea naye. Nasi wa kwenye mabenchi ya mbao, tuliolipa kiingilio, tuna kambi yetu.

Jumamosi iliyopita neno lile lilirudi bandani, sauti ileile nyuma yangu. Nilisimama mbele ya skrini. "Mwalimu, unatuziba!" Nikamwomba mwenye banda azime king'amuzi. Akasema watu wamelipa. Nikasema nitarudisha viingilio, ingawa mfukoni nilikuwa na elfu kumi. Mmoja akalia kwamba mkeka wake umebakiza timu moja, hiyo tunayoiangalia. Mwenye banda alinitazama, akawatazama watu, akachukua rimoti, akazima.

Kimya. Feni inazunguka. Dakika ya pili, ya tatu. Mwishowe mtu mwenye jezi ya Yanga akasema, aliyetukana aombe radhi tuendelee.

"Nimwombe radhi nani sasa?" akasema yule kijana. "Jamaa yuko Italia."

"Anza na mimi," akasema fundi baiskeli kutoka mlangoni.

Nje mtu alipita akiuliza kwa sauti kama umeme umekatika. Mwenye banda alikuwa bado ameishika rimoti.