Picha Yangu ni ya Nani?

Katika lugha yetu ya Kiswahili, mtu akisema "picha yangu" aweza kuwa na maana tatu. Huenda ni picha inayomwonyesha yeye mwenyewe. Huenda ni picha aliyoipiga yeye, hata kama imemwonyesha mbuzi. Na huenda ni picha aliyoinunua tu akaitundika ukutani. Kiswahili humwachia msikilizaji apambanue kwa kufuata mazungumzo. Kiingereza nacho chaweza kuchanganya mambo, lakini kina njia ya kuyatenga: "a picture of me" ni ile inayonionyesha mimi, na "a picture of mine" ni mojawapo ya zile zilizo mali yangu. Jambo hili laonekana dogo, jambo la sarufi tupu. Mimi naona ndani yake mna swali la haki, na ningependa, ndugu msomaji, tulitazame pamoja.

Siku hizi wapo walimu wa Kiingereza wanaomwambia mwanafunzi ajipige picha, kisha aieleze kwa lugha anayojifunza. Kufundisha lugha kwa picha si jambo jipya. Mwaka 1658, mjini Nuremberg, kilitoka kitabu cha Comenius kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, ambacho kiliwafundisha watoto Kilatini kwa kuwawekea mchoro, na kila kitu kwenye mchoro kikapewa jina lake. Vitabu vingi vya lugha tulivyovitumia darasani ni wajukuu wa kitabu hicho. Lakini mtu aliyechorwa katika vitabu hivyo hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mtu mwingine, aghalabu wa nchi nyingine, mwenye bustani ya maua na mbwa anayelala ndani ya nyumba. Mwanafunzi alijifunza kusema habari za watu asiowajua, na alipoulizwa habari zake mwenyewe akanyamaza.

Picha ya mtu mwenyewe huondoa kizuizi hicho, na faida yake katika sarufi ni kubwa. Chukua mfano mmoja. Mtu akiitazama picha yake husema kwa Kiswahili, "Nimesimama, nimevaa sweta, nimeshika daftari." Mwanafunzi wetu, kwa kuwa anafikiri kwa Kiswahili, huandika "I have stood, I have worn, I have held." Sarufi yake si ya kubahatisha, ameifuata ile -me- ya kwao. Ila Mwingereza huiona hali hiyo kuwa ni tendo linaloendelea, naye husema "I am standing, I am wearing, I am holding." Kanuni hiyo ukiiandika ubaoni mara ishirini, itasahaulika mara ishirini. Lakini mtoto akijiona mwenyewe amesimama pale, bado yuko vile vile wala hajaketi, huelewa kwa nini wenzetu husema hivyo.

Kadhalika mahali. Sisi tuna "mezani", na -ni hiyo moja hutosha kwa mengi. Kiingereza chadai tuseme kama kitu kiko juu ya meza, au watu wameketi kuizunguka. Tena sisi tuna "yeye" kwa mume na mke, ilhali Kiingereza chataka mtu achague. Mtoto akiwa amesimama na dada yake katika picha, hawezi kukosea kwa urahisi, maana dada yake anamjua. Na hata maneno mapya humjia kwa haja: ufa, kamba ya nguo, kandambili. Ni maneno ambayo pengine hayamo katika kitabu chake, lakini yamo katika maisha yake.

Mmarekani Wendy Ewald aliliona jambo hili mapema. Kuanzia mwaka 1975 aliwafundisha watoto wa milima ya Kentucky kupiga picha, akawataka wajipige wenyewe, wapige jamaa zao, wanyama wao na hata ndoto zao, kisha waseme na kuandika. Kazi zao zilitoka katika kitabu mwaka 1985. Baadaye aliipeleka mbinu hiyo katika shule za Durham, North Carolina, na mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii iliwafikia walimu wa Arusha hapa kwetu. Jambo moja katika kazi yake lanivutia kuliko mengine. Katika kitabu kilichotoka mwaka 2002, watoto walichagua wenyewe sehemu ya mwili waliyoipenda, ikapigwa picha, nao wakaandika habari zake. Hawakulazimishwa kuonyesha kila kitu. Waliulizwa wachague.

Hapo ndipo swali langu linapoanza. Je, mwalimu ana haki gani ya kumtaka mtoto ajionyeshe ili ajifunze?

Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mjukuu wa jirani yangu, alipewa kazi ya namna hiyo. Alijipiga picha kwa simu ya mama yake, akaja kwangu kutaka msaada wa maneno. Baada ya kuniamkia alinionyesha. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi nyeupe. Niliujua ukuta ule. Ni wa duka lililoko njia panda. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, mbona hukupigia nyumbani?" Akajibu bila kuficha, "Babu, sitaki darasa zima waone kwetu." Kwao ni nyumba ya udongo, na upande mmoja umeanza kubomoka tangu masika.

Wapo watakaosema kwamba mtoto huyu amedanganya, na kwamba mwalimu angemrudisha akapige picha ya kweli. Watatumia methali: mficha uchi hazai. Hoja yao ina uzito. Lugha haikui kwa mtu anayejificha, na kumwacha mtoto aone haya kwa nyumba ya wazazi wake ni kuikuza haya hiyo. Umaskini si dhambi, nyumba ya udongo si aibu, na watu wengi wa heshima wamelelewa humo. Yote hayo ni kweli.

Lakini wahenga walisema pia, siri ya mtungi aijuaye kata. Anayelala katika nyumba ile ndiye ajuaye uzito wa kuitaja mbele ya wenzake arobaini na tano. Sisi wazee twaweza kuusifu umaskini wa utotoni kwa sababu tumekwisha kutoka humo. Yeye bado yumo, na kesho atakaa dawati moja na atakayemcheka. Ujasiri ni kitu chema sana, ila haugawiwi kama kazi ya nyumbani, wala hausahihishwi kwa wino mwekundu.

Zaidi ya hayo, yafaa tutofautishe kuficha na kusema uongo. Picha haisemi neno. Sentensi ndiyo husema. Kusimama mbele ya ukuta wa mtu si uongo. Kuandika chini yake "Hii ni nyumba yetu" ndio uongo. Nilimweleza hivyo, nikamwachia aamue. Alikaa kimya kitambo, kisha akaandika: "I am standing in front of a wall. The wall is not ours. I chose it because it is clean." Yaani, ukuta si wetu, niliuchagua kwa sababu ni safi. Sentensi tatu, hazina kosa, na kila moja ni ya kweli. Nyumba yake aliiacha palepale alipotaka ibaki.

Naona katika sentensi hizo jambo ambalo sarufi yetu imelijua siku zote. Twasema mtu "amepigwa picha". Hapo yeye ni mtendwa. Kuna mwingine aliyeshika kamera na kuamua kitakachoonekana. Lakini twasema pia "amejipiga picha", na kwa silabi moja ndogo, -ji-, mtendwa anageuka kuwa mtenda bila kuacha kuwa mtendwa. Mwaka 1839, mjini Philadelphia, Robert Cornelius alijipiga picha ambayo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za namna hiyo duniani. Hakuna aliyempanga asimame vipi. Ile -ji- ndiyo heshima yote ya jambo hili. Mwalimu akiamuru mtoto asimame wapi, avae nini na nyuma yake paonekane nini, basi hata kama mtoto ndiye aliyebonyeza kitufe, amepigwa picha, hakujipiga.

Sasa turudi kwenye zile maana tatu. Picha inayomwonyesha mtoto lazima iwe pia picha aliyoiamua mwenyewe, na tena iwe mali yake. Akitaka kupiga mikono yake tu, au kivuli chake, au viatu vyake mlangoni, apewe nafasi. Maneno ya Kiingereza yatapatikana humo pia. Kazi ikiisha arudishiwe. Isibandikwe ukutani bila idhini yake, wala isitumwe katika simu za watu, wala isipelekwe kwa wafadhili ili waone tulivyo na dhiki. Tumeona watoto wa shule wakipigwa picha kwa namna hiyo, na hakuna aliyewauliza.

Atauliza mtu, je, mtoto akichagua daima ukuta wa duka, atajifunza lini kusema ukweli wa maisha yake? Jibu langu ni kwamba lugha ni ghala, wala si kesi mahakamani. Tuna wajibu wa kumjazia maneno, pamoja na yale ya udongo, ufa na masika, ili siku atakapotaka kusema habari za kwao yawepo tayari. Tuna wajibu mwingine ulio mgumu zaidi, nao ni kulifanya darasa liwe mahali ambapo nyumba ya mtu haichekwi. Mwalimu akiutimiza huo wa pili, picha za nyumbani zitakuja zenyewe. Akishindwa kuutimiza, hana haki ya kuzidai.