Yaya Analipwa na Nani?



Kila muhula, darsa la ndoa likimalizika, swali moja hurudi kwa sura mbalimbali: mke aliyesoma akijaaliwa mtoto, aendelee na kazi au akae nyumbani alee? Wapo wanaolijibu kwa hukumu za fiqhi, wapo wanaolijibu kwa mila za kwao. Lakini wengi wetu, wake kwa waume, siku hizi tunalijibu kwa kikokotoo cha simu: "Piga hesabu uone kama inalipa." Ndugu msomaji, leo nataka tuitazame hesabu hiyo yenyewe, maana naona inapigwa kwa namna inayomdhulumu mtu hata pale jumla yake inapokuwa sahihi.

Nina sababu ya kuuliza. Niko mwaka wa mwisho wa ualimu, posa imeshaletwa nyumbani, na jibu la swali hili nitaishi nalo mimi.

Tuchukue mfano wa kawaida wa hapa Uganda. Mwalimu wa shule binafsi ameajiriwa kwa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Baada ya kodi ya mapato na asilimia 5 ya akiba ya NSSF, mkononi hufika karibu 620,000. Tuseme yaya analipwa 200,000, chakula na mahitaji yake 80,000, nauli ya takisi na bodaboda 120,000, chakula cha mchana na nguo za kazini 80,000. Jumla 480,000. Zinabaki 140,000. Hapo mume, mama mkwe na hata mke mwenyewe husema kwa sauti moja: kwa laki moja na kitu, ya nini kuhangaika? Kaa na mwanao.

Ndani ya hesabu hiyo kuna mambo matatu ambayo hayaonekani.

La kwanza ni akiba. Kwa sheria ya NSSF, mwajiri huongeza asilimia 10 juu ya ile 5 ya mfanyakazi. Kwa mwalimu wetu hizo ni shilingi 120,000 kila mwezi kwa jina lake. Akikaa nyumbani miaka 6, amekosa 8,640,000, tukiweka kando nyongeza ya kila mwaka, ambayo hukumu yake ina mjadala wake. Na mwalimu aliyekaa nje miaka 6 ni nadra kurudi pale alipoachia. Waliokuwa chini yake atawakuta juu yake.

La pili ni yaya. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa hapa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na hadi leo ndicho kinachotajwa. Mswada wa kukibadilisha ulipitishwa na Bunge mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Kwa hiyo sheria ya nchi haimlindi msichana anayelala jikoni kwetu, na mara nyingi kazi ya mama "inalipa" kwa sababu tu msichana huyo halipwi inavyostahili. Naye ni binti wa watu, na huenda ana mtoto aliyemwacha kijijini kwa bibi yake. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hesabu inayosimama juu ya jasho lake haifai kuitwa hesabu ya familia ya Kiislamu.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Kwa nini mshahara wa yaya unatolewa kwenye mshahara wa mama? Mtoto ni wa wawili. Mbona hatusemi, "Tukitoa pesa za yaya kwenye mshahara wa baba, kazi ya baba inalipa?"

Turudi kwenye Sura Al-Baqara, aya ya 233. Aya hiyo inawazungumzia akina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Mara baada ya hapo inaweka chakula na mavazi yao juu ya baba, kwa namna inayojulikana kuwa ya wema. Kisha inasema wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Na wakitaka mwanamke mwingine amnyonyeshe, hakuna ubaya maadamu wanatoa malipo yake kwa wema. Tuizingatie aya hii vizuri. Kumpa mtu mwingine sehemu ya malezi kumeruhusiwa, malipo yake yametajwa, na mzigo wa matumizi uko kwa baba. Hakuna mahali aya inaposema mama alipie kutokuwepo kwake.

Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, yanakwenda mbali zaidi: kupika na kufua si wajibu unaomlazimu mke kwa mkataba wa nikah. Akifanya ni wema wake. Na mali ya mke ni yake, ya mume ikiwa na wajibu wa nafaka juu yake. Bi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumpa mumewe na mayatima aliowalea, jibu lilikuwa kwamba ana ujira mara mbili: wa udugu na wa sadaka. Mke akichangia nyumba, basi anatoa sadaka. Sadaka hushukuriwa, haidaiwi.

Sasa turekebishe mfano wetu. Zile 280,000 za yaya ziende upande wa baba. Kwa mama zinabaki 420,000. Najua ndugu zangu wa kiume watasema: pesa ni zilezile, nyumba ni ileile. Kweli, jumla ya nyumba haijabadilika hata shilingi. Lakini sasa inaonekana nani anatimiza wajibu na nani anatoa hisani, na hilo hubadilisha mazungumzo. Mume ambaye kipato chake hakitoshi halaumiwi. Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kile alichompa. Mke wake anaweza kusema, "Mzigo huu nitakusaidia," na wote wawili wakajua kwamba huo ni msaada.

Nisieleweke vibaya. Sipingi mama kukaa nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mzazi wa kike siku 60 za kazi na wa kiume siku 4. Ukizilinganisha siku 60 na ile miaka miwili ya Qur'an, unaelewa kwa nini dada wengi wanalia wanaporudi kazini. Huenda nami nikachagua kukaa. Ninachokataa ni kauli kwamba anayekaa nyumbani "anaokoa" pesa na habari ikaishia hapo. Katika mfano wetu anatoa 140,000 za mkononi na 120,000 za akiba, yaani 260,000 kila mwezi, pamoja na miaka ya uzoefu. Huo ni mchango wake kwa mtoto wa wawili. Je, baba naye anachangia nini kuuziba upungufu huo?

Swali hili huwa kali zaidi siku mume anapofariki. Fungu la mjane mwenye watoto wa marehemu ni thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, na wakiwa wake wengi wanaigawana hiyohiyo. Hukumu hiyo ina uadilifu wake, kwa kuwa sheria inamchukulia mke kuwa alikuwa na mali yake mwenyewe ambayo hakuna aliyeigusa. Sisi ndio tunaoharibu. Mke anaacha kazi, akiba yake ya zamani inanunua mabati ya nyumba, kiwanja kiko kwa jina la mume, hakuna kilichoandikwa. Mauti yakifika, mali yake imeshayeyuka ndani ya mirathi, naye anasubiri thumni ya jasho lake mwenyewe. Kisha tunailaumu Sharia, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inatuamuru kuandika madeni yetu.

Mama yangu aliacha kufundisha shule ya msingi alipojifungua mtoto wa tatu. Baba, ambaye alikuwa mfanyabiashara mdogo wa nafaka, mwaka uleule alinunua kiwanja kidogo na kukiandika kwa jina la mama mbele ya mashahidi. Wajomba walimcheka. Baba alipofariki, kiwanja kile hakikuingia kwenye mirathi hata kidogo, na kodi ya vyumba viwili vilivyojengwa pale ndiyo iliyonifikisha chuo kikuu. Sijui kama baba aliwahi kushika kikokotoo. Alijua tu kwamba kuna mtu amepoteza kitu kwa ajili ya nyumba yake.

Wapo watakaosema kuandika na kuhesabu kunaua mapenzi na kunaondoa baraka. Mtume (s.a.w.), aliyekuwa juu kabisa katika kumtegemea Mola wake, aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Na Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia ahali zake. Kupanga hakukupunguza mapenzi katika nyumba ile, wala kutumika hakukumpunguzia heshima.

Tukumbuke pia kwamba kazi si lazima iwe ya kutoka asubuhi na kurudi jioni. Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mkubwa, na mali yake ilisafiri na misafara chini ya watu aliowakabidhi. Baina ya kuajiriwa na kukaa bure kuna njia nyingi, na kila nyumba ina yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepeleka posa, ukiuliza "Utakaa nyumbani?" ongeza na swali la pili: "Nami nitaweka nini kwa jina lako?" Nawe dada, ukisema "Nitaendelea na kazi," ulizeni pamoja yaya atalipwa kiasi gani, na nani atamlipa. Yajibiwe kabla ya nikah, mbele ya walii, na yaandikwe. Baada ya hapo, akae mama au aende kazini, hakuna atakayekuwa amedhulumiwa.

Wallahu a'lam.